Kabaila wa Merrowdale na Shamba la Tefiro

Bwera, 9 Machi 2025

Mwanangu Davis,

Salamu kutoka nyumbani. Hatujambo. Mvua imeanza mapema, barabara ya kwenda mpakani Mpondwe ina matope mpaka malori ya Wakongo yanalala njiani, na mibuni imetoa maua. Mama yako Ednah bado anasumbuliwa na goti lakini anatembea. Baba yako mzima. Aimée, binti wa marehemu baba yako mdogo Tefiro, anakaa kwangu tangu Krismasi na ananipikia chai yenye tangawizi kuliko inavyohitajika.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Simu ikilia katika ukoo wetu inawekwa sauti ya juu, kila mtu anasikia na kila mtu anajibu. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka thelathini, gazetini na redioni, na nimechoka kuzungumza mbele ya umati. Wewe pia unijibu kwa karatasi, kwa sanduku la posta la parokia.

Baba yako alitangaza kanisani kwamba huko Uingereza unaandika kitabu kizima kuhusu maisha ya kabaila mmoja aliyekufa zamani. Watu walicheka. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kama huko hakuna watu walio hai. Mimi sikucheka. Niandikie habari za mtu huyo. Anzia alipozaliwa na usiruke kitu.

Jambo jingine dogo. Wiki iliyopita watu wawili walikuja na utepe, wakapima shamba la Tefiro kutoka barabarani mpaka kijitoni, wakapigilia vigingi. Nilipowauliza wametumwa na nani, walisema wametumwa na mwenye shamba. Mwenye shamba alikuwa jikoni kwangu akimenya viazi.

Shangazi yako,
Edisa


Durham, 6 Aprili 2025

Wabukire, Shangazi,

Nakusalimu kwa heshima, na wote nyumbani. Mimi mzima. Hapa baridi bado haijaondoka na miti haina majani. Mwambie Mama akande goti kwa maji ya chumvi ya moto, asisubiri mpaka livimbe. Msalimu Aimée.

Barua yako ilinifurahisha, kwa sababu hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza ninachofanya. Kabaila wangu anaitwa Fulk wa Merrowdale, na aliishi karne ya kumi na nne. Alizaliwa ngomeni, mtoto pekee. Alipokuwa na miaka minne baba yake aliuawa vitani kaskazini. Kwa sheria ya nchi hiyo, kabaila akifa na kuacha mtoto mdogo, ardhi yake inashikwa na mfalme mpaka mtoto akue, na mfalme akitaka anamuuzia mtu mwingine haki ya kuishika. Mapato yote ya miaka hiyo ni ya mlezi. Hata ndoa ya mtoto ni mali ya mlezi, anaweza kuiuza.

Fulk aliangukia mikononi mwa jirani, Bwana Odo. Odo alikata mialoni yote ya msituni akauza mbao. Aliacha kinu cha maji kikabomoka. Alivua samaki wa bwawa mpaka wakaisha. Alijua kwamba siku mtoto atakapotimiza miaka ishirini na mmoja atarudisha kila kitu, kwa hiyo alihakikisha kwamba cha kurudisha ni kidogo. Odo hakuwa mwizi, Shangazi. Kila alichofanya kilikuwa na muhuri. Sehemu hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi zaidi mwaka huu.

Hao waliopima shamba labda ni watu wa serikali, wa kupanua barabara.

Mwanao,
Davis


Bwera, 2 Mei 2025

Mwanangu Davis,

Tumepokea barua yako tukiwa wazima. Goti limekandwa. Kahawa imeshika vizuri. Wiki hii wakimbizi wengine wamevuka kutoka upande wa Beni na parokia imejaa. Aimée anakwenda asubuhi kuwasaidia kupika, jioni anapalilia shamba la baba yake. Nilimsomea barua yako. Aliniomba nirudie pale pa mialoni.

Hawakuwa watu wa barabara. Walitumwa na mfanyabiashara wa Kasese anayetaka kujenga kituo cha mafuta karibu na mpaka, na aliyewaonyesha mipaka ni baba yako. Nitakueleza kama ambavyo ningeandika gazetini.

Kabla ya kufa, Tefiro alisema mbele ya wazee wa ukoo kwamba shamba ni la Aimée, na kwamba kaka yake Blasio, yaani baba yako, alishike mpaka msichana atimize miaka kumi na minane. Nilikuwepo, niliyasikia. Blasio amelishika miaka minne. Sasa anataka kuliuza kwa niaba ya mtoto. Anaweza, kwa sababu kitambulisho kinasema Aimée alizaliwa mwaka 2009, na kwa hesabu hiyo bado ni mtoto. Lakini alizaliwa 2006.

Kosa hilo si la Blasio, na nataka liandikwe hivyo. Marehemu Kahambu, mama yake Aimée, alimpeleka kusoma Kasindi, upande wa Kongo, kwa ndugu zake, shule ya Kifaransa. Tefiro alipomrudisha Bwera, mtoto hakujua hata neno moja la Kiingereza, wakamweka darasa la kwanza. Mwalimu mkuu akasema mtoto mrefu namna hii atamletea maswali kutoka wizarani. Tefiro akampunguzia miaka mitatu pale pale mezani, kama wanavyofanya wazazi wengi hapa mpakani, akarudi nyumbani amefurahi. Kitambulisho kikafuata shule. Cheti cha ubatizo kilikuwa ng'ambo, katika parokia iliyoungua.

Sasa nijibu. Huyo Fulk wako alithibitisha vipi kwamba ametimiza umri? Nani alimhesabia miaka?

Shangazi yako,
Edisa


Durham, 1 Juni 2025

Shangazi,

Natumaini mko salama. Kwetu huku jua limetoka na watu wamelala kwenye nyasi kama wagonjwa. Nimepata kazi ndogo ya usiku ya kupanga vitabu.

Umeuliza swali zuri. Vyeti havikuwepo. Mtoto akisema amekua na mlezi akakataa, ofisa wa mfalme anaita wanaume kumi na wawili wa jirani, watu wazima. Kila mmoja anaapa na kutaja siku mtoto aliyozaliwa. Kisha ofisa anamuuliza swali moja: unajuaje? Hairuhusiwi kujibu kwamba unajua tu. Lazima utaje jambo lililokupata wewe mwenyewe siku hiyo.

Wa kwanza alisema siku hiyo alianguka kutoka paa la kanisa akavunjika mguu, na bado anachechemea, akatembea mbele ya ofisa ili aone. Mwingine alimzika mama yake, na waliobeba jeneza walipishana mlangoni na waliobeba mtoto wa kubatizwa. Mwingine aliunguliwa na nyumba. Mwingine alitumwa divai, akaimwaga njiani, akapigwa. Odo alipinga kila mmoja. Alisema mguu ulivunjika mwaka mwingine. Lakini mtu anajua mguu wake ulivunjika lini. Fulk alipata ardhi yake. Nimewasoma mashahidi hao mwaka mzima na ninawapenda kuliko kabaila mwenyewe.

Mambo ya shamba sina la kusema. Niko mbali, na mzee ni baba yangu. Unajua pia ada yangu ya mwaka wa mwisho inatoka wapi.

Mwanao,
Davis


Bwera, 29 Juni 2025

Mwanangu Davis,

Hatujambo. Kiangazi kimeanza na vumbi la malori linaingia mpaka kwenye sukari. Mama yako anakusalimu. Baba yako alikuwa na homa, amepona.

Ada yako inatoka kwenye mibuni ya shamba la Tefiro. Ninajua. Sikukuandikia ili nikukumbushe.

Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamweleza habari za wale watu kumi na wawili. Aliuliza kwanza yule wa divai alipigwa na nani. Kisha akakaa na wazee, wakakubali. Karatasi inaweza kujibiwa na watu, kwa masharti mawili: kila shahidi aseme anajuaje, na awe mtu wa upande wa baba, kwa kuwa shamba ni la upande wa baba.

Sharti la pili limenifungia njia. Sosthène, mjomba wake Aimée, alivuka kutoka Butembo na mzigo wa vitunguu na alikuwa tayari kuapa siku hiyo hiyo. Aliniambia, "Mutoto alizaliwa mwaka ile tulipiga kura kwa mara ya kwanza. Mie mwenyewe nilikuya na mbuzi mbili. Mbuzi moja alikula kofia yangu." Kura hiyo ya Kongo ilikuwa 2006. Ushahidi mzuri, lakini ni mtu wa upande wa mama.

Mimi mwenyewe sifai. Mwaka huo nilikuwa Juba nikiripoti mazungumzo ya amani. Nilimwona mtoto Krismasi, tayari anashika kidole. Siapi juu ya nisichokiona.

Ninachojua ni cha kuambiwa. Aimée alizaliwa Kinyamaseke, nyumbani kwa wazazi wako. Kahambu alikuwa amekuja kukaa hapo ili awe karibu na hospitali ya Kisinga, uchungu ukamwahi. Waliokuwa katika nyumba ni Kahambu na Tefiro, ambao wamekufa, pamoja na baba yako na mama yako. Mama yako nilimuuliza. Akaniuliza kama ningependa chai. Nilikunywa chai.

Alikuwepo pia mwanafunzi mmoja wa darasa la saba. Sikuulizi kitu.

Aimée hajakaa kusubiri. Aling'oa vigingi vyote vya wapimaji akavisimamisha kwenye maharage yake. Baba yako alikuja kuvidai. Msichana akamwambia kwa adabu zote, "Baba mkubwa, vinashika maharage. Nikivuna nitakurudishia." Baba yako aliondoka bila kuaga, lakini nilimwona akigeuka njiani kuyatazama hayo maharage.

Shangazi yako,
Edisa


Bwera, 17 Agosti 2025

Davis,

Tumefika katikati ya Agosti na sanduku la parokia ni tupu. Natumaini u mzima. Nyumbani wote wazima.

Maharage yamevunwa. Aimée alirudisha vigingi vimefungwa kwa kamba, akaviweka mlangoni kwa baba yako. Kesho yake vilikuwa vimepigiliwa tena shambani.

Baraza la ukoo limepangwa Jumamosi, 27 Septemba, saa nne asubuhi, uani kwa Tefiro. Mnunuzi amesema atasubiri mpaka siku hiyo, basi. Sina shahidi. Nitasimama niseme kwamba sina, na Aimée atasema yake.

Hujaniambia Fulk aliishiaje. Ulimwacha kijana amepata ardhi yake. Mtu haishii hapo.

Edisa


Durham, 7 Septemba 2025

Shangazi,

Nisamehe kwa kimya. Sikuwa mgonjwa.

Fulk nilimwacha pale kwa makusudi. Ni mahali pazuri pa kumwacha. Baadaye alikwenda vitani Ufaransa, akatekwa, akakombolewa, akarudi na kovu la shavu na sifa kubwa. Akajenga ukumbi mpya. Alipokuwa na miaka arobaini hivi, jirani yake alikufa na kuacha binti mdogo, Alice. Fulk alikwenda kwa mfalme akanunua ulezi wa yule binti. Akakata msitu wa Alice ili apate mbao za paa la ukumbi. Alice alipokua na kudai ardhi, akaleta mashahidi wake, Fulk alisimama mbele ya ofisa akawapinga mmoja mmoja. Alisema wazee husahau.

Alikufa kitandani, katika umri mkubwa. Kaburi lake liko kanisani Merrowdale. Amechongwa amelala chali, mikono kifuani, na mbwa wa jiwe miguuni. Watalii wanampapasa mbwa mpaka pua imeisha.

Mwalimu wangu anasema sura ya Alice ni fupi mno, nimeikimbia. Ni kweli. Nilikuwa nimemhurumia Fulk kurasa mia mbili, na sikutaka kumwona akishika shoka. Nilipopata barua yako ya Juni nilikuwa naandika habari za ule msitu, kwa ada ya kahawa ya Aimée. Nikaacha kuandika kitabu, nikaacha kukuandikia na wewe.

Nimemwambia mwalimu huyo kwamba mwaka huu nitasoma nusu na kufanya kazi nusu. Usimwambie Baba, nitamwambia mimi.

Nitapiga simu yako siku ya baraza, saa nne. Safari hii weka sauti ya juu.

Davis


Bwera, 5 Oktoba 2025

Mwanangu Davis,

Salamu. Sote wazima, na mvua imerudi. Mama yako alipalilia bustani yake mwenyewe wiki hii, goti na yote. Barua yako ilifika siku moja kabla ya baraza. Simu uliisikia wewe mwenyewe, lakini ilikatika, na kuna mambo hukuyaona. Nakuandikia yote kwa mpangilio.

Tulikaa chini ya turubai uani kwa Tefiro. Alikuwepo Afande Okot kutoka kituo cha polisi, kwa sababu baba yako alikuwa amepeleka habari kwamba Wakongo watafanya fujo. Wakongo walikuwa mmoja, Sosthène, na alikuja na kofia mpya. Afande alipewa kiti na sahani ya karanga.

Baba yako alisema kwanza, na alisema vizuri. Alionyesha kitambulisho. Alisema, "Mimi si mwizi. Mwaka huu uliomo humu hakuuandika mtu mwingine, aliuandika marehemu, baba wa mtoto. Nani hapa atamsahihisha?" Wazee walitikisa vichwa. Alisema pia kwamba shamba la kando ya barabara si mahali pa msichana kulala peke yake, na katika hilo nadhani alikuwa anaamini.

Aimée alisimama. Hakulia na hakupandisha sauti. Alisema yeye anajua umri wake kwa sababu mama yake alimwambia, na kwamba mama yake hakuwa na sababu ya kumdanganya. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba hiyo haitoshi. Sosthène akaanza habari za mbuzi, akaambiwa akae. Akasema, "Nakaa, lakini mbuzi alikula kofia." Watu wakacheka, hata baba yako.

Ndipo simu ikalia. Nilipotaja jina lako baba yako alitabasamu. Alidhani unapiga kumtetea.

Uliyoyasema nayaweka hapa ili uone kama niliyasikia sawa. Mwenyekiti alikuuliza unajuaje. Ulisema ilikuwa Jumatatu, siku ya kwanza ya mtihani wa darasa la saba, na cheti chako kina mwaka 2006. Baba yako mdogo Tefiro alikuwa ameahidi kukupeleka Kisinga kwa baiskeli. Alfajiri Kahambu akashikwa na uchungu, Tefiro akabaki. Ulikuwa umesimama uani na sare yako na kalamu mbili uliposikia mtoto akilia ndani. Baba yako akasema twende, akakubeba yeye. Mteremkoni kabla ya Kisinga mnyororo ukakatika, mkakimbia kwa miguu, ukaingia kwenye chumba cha mtihani wa hesabu umechelewa, na matope mpaka magotini.

Hapo ndipo simu ilipokatika. Nilikuwa namtazama baba yako. Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza matokeo redioni na kusikia jina limesomwa vibaya.

"Haukukatika," alisema.

Mwenyekiti akamuuliza nini hakikukatika.

"Mnyororo. Haukukatika, ulitoka tu. Niliurudisha kwa mikono yangu hii, tukapanda tena. Na hakuchelewa. Tulifika wakiwa bado wanapanga mstari. Mtoto wangu hajawahi kuchelewa mtihani kwa sababu yangu."

Afande Okot aliacha kutafuna.

Mwenyekiti hakuwa na haraka. Alimwacha baba yako asikie mwenyewe alichosema. Kisha akauliza, "Mwaka gani huo, Blasio?"

Baba yako alitazama mikono yake. Akamtazama mama yako. Ednah, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa nyuma akichambua mchele, hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie. Mimi ndiye niliyekata kitovu."

"Elfu mbili na sita," baba yako alisema.

Wazee hawakukaa sana. Shamba ni la Aimée tangu siku hiyo, na mwenyekiti ataandika barua ya kwenda kurekebisha kitambulisho. Mnunuzi alikuwa amekaa ndani ya gari barabarani. Nasikia sasa anatazama kiwanja Kinyamaseke. Vigingi aliving'oa baba yako mwenyewe, jioni ile ile, bila kuambiwa. Aliviegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya Tefiro, ambayo sasa ni ya Aimée.

Nimeripoti kesi nyingi kuliko ninavyokumbuka, na sijawahi kuona mtu akishindwa kwa sababu hakutaka mwanawe aonekane amechelewa. Siandiki hivyo ili umhurumie. Ndivyo ilivyokuwa.

Aimée anasema ada yako haitatoka shambani tena, na ameniomba nisikufiche. Nilimsomea habari za Alice. Alifikiri, akasema umalize kitabu, lakini sura ya huyo msichana uirefushe. Kisha akaenda kuzibua mtaro, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Baba yako hanisalimu. Kanisani anapita upande wa pili. Jana mama yako alileta ndizi, akakaa kidogo, akanywa chai, akasimama kuondoka. Mlangoni akakumbuka kwamba ametumwa. Baba yako amesema ukiandika habari hizi popote, uandike kwamba mnyororo ulitoka tu.

Shangazi yako,
Edisa